UZI: Kingamwili ya nefrini. Kabla hujaamini mstari kwenye bloti, pitia hapa

Chujio

Wakuu, habari za kazi.

Uzi huu ni kwa wenzetu wa maabara za figo, hasa wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliokabidhiwa kichupa cha kingamwili ya nefrini (protini ya chujio la figo) na kuambiwa wakapime. Ni mrefu, mnivumilie. Jambo hili mwisho wake linamfikia mgonjwa, ndiyo maana silichukulii kirahisi.

Hoja yangu ni moja. Kingamwili haithibitiki kwa kutoa mstari pale ulipoutarajia kwenye bloti, yaani kipimo kinachopanga protini kwa ukubwa kwenye jeli, kisha kingamwili ikaonyesha iliyoishika kama mstari. Inathibitika inapokaa kimya kwenye sampuli isiyo na protini hiyo. Kama huna sampuli ya kimya, bado huna ushahidi, hata picha ipendeze vipi.

Tuanze na protini yenyewe. Figo moja ya mtu mzima ina glomeruli (vichujio vidogo vya damu) kama milioni moja kwa wastani, na figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za maji kwa siku. Ukuta wa kuchujia una tabaka tatu: seli za kapilari zenye vitundu, utando wa msingi, na nje kabisa seli ziitwazo podositi. Podositi hutoa vijiguu vingi vinavyopishana na vya jirani yake, na katikati hubaki mwanya wa nanomita 40 hivi uliozibwa na kiwambo chembamba. Nefrini ndiyo nguzo ya kiwambo hicho. Inatoka podositi ya huku na kukutana na nefrini ya podositi ya jirani, katikati ya mwanya.

Jeni yake, NPHS1, ilitambuliwa mwaka 1998 na kikundi cha Karl Tryggvason kwa kufuatilia familia za Ufini ambazo watoto wao huzaliwa tayari wanapoteza protini nyingi kwenye mkojo. Lakini kingamwili ilitangulia jeni. Miaka kumi kabla, mwaka 1988, watafiti wa Japani walitengeneza kingamwili ya monoklonali (ya aina moja tu, inayoshika sehemu moja) iliyoitwa 5-1-6. Panya akidungwa mara moja tu, mkojo unajaa protini. Ilikuwa wazi kwamba inashika kitu muhimu kwenye podositi, ila kitu gani hasa, hakuna aliyejua. Mwaka 1999 ndipo ikaonyeshwa kwamba inashika sehemu ya nje ya nefrini. Kwa hiyo kingamwili nzuri inaweza kutufikisha kwenye protini tusiyoijua bado, na mbaya inaweza kutupoteza kwa miaka mingi.

Sasa bloti. Nefrini ya binadamu ina amino asidi 1,241. Ukipiga hesabu ya uzito kwa mfuatano huo unapata kama kilodaltoni 135, na wengi hukodolea macho hapo. Nefrini halisi haikai hapo. Sehemu yake ya nje imebeba sukari nyingi, hivyo kwenye jeli huonekana juu zaidi, karibu na 180 au kuzidi kidogo. Mara nyingi utaona mistari miwili iliyokaribiana. Wa juu ni nefrini iliyokomaa na kufika kwenye uso wa seli, wa chini ni ile ambayo bado iko njiani ndani ya seli na sukari zake hazijakamilika. Ukitia kimeng'enya cha PNGase F kinachokata sukari hizo, mistari inashuka. Ikigoma kushuka, jiulize umeshika nini. Jaribio hili ni la siku moja na linasema mengi, lakini ni wachache wanaolifanya.

Jambo la pili kwenye bloti ni sampuli. Ukisaga figo nzima, sehemu kubwa ya protini uliyoipata ni ya mirija, kwa sababu glomeruli ni sehemu ndogo tu ya gamba la figo, na ndani ya glomeruli podositi ni aina moja kati ya kadhaa. Nefrini yako inakuwa imezama. Mtu anaongeza kingamwili, anarefusha muda wa kupiga picha, na hapo ndipo mistari ya uongo inapojitokeza. Tenga glomeruli kwanza. Kwa figo za binadamu na panya wakubwa, chekecha kwa vichujio vya matundu tofauti. Kwa panya wadogo, njia iliyoenea tangu 2002 ni kupitisha chembe za sumaku kwenye mishipa ya damu, zikwame kwenye glomeruli, kisha uzivute kwa sumaku.

Usitupe mabaki! Ile mirija inayobaki baada ya kutenga glomeruli ndiyo sampuli yako ya kimya. Ni mnyama yuleyule, siku ileile, bafa ileile. Weka glomeruli kwenye njia moja ya jeli na mirija kwenye njia ya pembeni, kiasi sawa cha protini. Nefrini inatakiwa iwe nzito upande wa glomeruli na isionekane, au ionekane kwa mbali sana, upande wa mirija. Mstari ukiwa sawa pande zote mbili, kingamwili hiyo haifai kwa kazi hiyo.

Nakaribisha maswali.

---

Bint Maabara

Asante sana mkuu Chujio, uzi umekuja wakati mwafaka. Mimi natumia podositi za kukuzwa, zile zinazoongezeka kwenye nyuzi 33 na kukomaa kwenye nyuzi 37. Napata mstari mzuri sana wa nefrini kwenye nyuzi 37. Ila jana niliweka na seli za HEK293 kama nyongeza, nikapata mstari uleule, sehemu ileile. Msimamizi wangu anasema ni sawa kwa kuwa HEK nazo zimetoka kwenye figo. Naomba ufafanuzi.

---

Chujio

Dada, hiyo HEK uliyoiweka "kama nyongeza" ndiyo njia yenye thamani kuliko zote kwenye jeli yako.

Kwa heshima ya msimamizi wako, kutoka kwenye figo hakutoshi. HEK293 zilianzia kwenye figo ya kijusi, lakini si podositi na hazitengenezi nefrini kwa kawaida. Ndiyo maana watafiti wengi huzitumia kinyume chake: wanaziingizia jeni ya nefrini, kisha wanalinganisha zilizoingizwa na zisizoingizwa. Kwa hiyo mstari uliouona kwenye HEK tupu ni wa kitu kingine, na kwa kuwa uko sehemu ileile na wa podositi zako, huna namna ya kusema ule wa podositi ni nefrini.

Kuna la pili, na hili lazima tuliseme wazi. Podositi za kukuzwa hupoteza sehemu kubwa ya nefrini yake. Kwenye figo, seli hii imeegemea utando wa msingi, imepakana na podositi wenzake, na maji yanaipitia usiku na mchana. Kwenye sahani ya plastiki hivyo vyote havipo. Kwa hiyo mstari mzito kwenye seli za kukuzwa ukushtue badala ya kukufurahisha. Pima RNA ya NPHS1 kwenye seli hizohizo na uilinganishe na glomeruli halisi. Kama RNA ni ya kutafuta kwa tochi na mstari wa protini unang'aa, hapo kuna kasoro.

Na hata ukiingizia HEK jeni ya nefrini ukapata mstari, usimalizie hapo. Hilo linathibitisha kwamba kingamwili inaweza kushika nefrini ikiwa nyingi kupita kiasi. Halisemi kama inashika nefrini peke yake pale ilipo kidogo katikati ya maelfu ya protini nyingine. Ni vitu viwili tofauti, na kwenye machapisho vinachanganywa sana.

---

Mwanapatholojia

Mkuu Chujio umeongea vema kuhusu bloti. Niongezee upande wa vipande vya tishu, maana huko ndiko ninakoshinda.

Nefrini kwenye glomeruli ya mtu mwenye afya ina sura yake. Chini ya hadubini ya mwanga wa flurosensi unaona uzi mwembamba unaofuata kingo za nje za vitanzi vya kapilari, bila kukatika. Figo ikiumwa uzi huo hukatika na kuwa vidoti. Ukiona rangi imejaa katikati ya glomeruli kwenye mesangiamu, au imepaka mirija, usianze kutunga nadharia mpya. Paka pamoja na WT1, ambayo hukaa kwenye kiini cha podositi, na CD31 ya seli za kapilari. Uzi wa nefrini unatakiwa uwe upande wa viini vya WT1, nje ya CD31. Hapo macho yako yanapata pa kushika.

Mitego ya figo ni ya aina yake. Wa kwanza ni biotini. Mirija ya figo ina biotini nyingi ya asili, kwa hiyo ukitumia mfumo wa avidini na biotini (avidini hunata kwenye biotini) bila kuizuia kwanza, mirija itapaka rangi hata kama hujaweka kingamwili ya kwanza kabisa. Nimeona picha za namna hiyo zikielezwa kwamba protini "imehamia kwenye mirija". Haikuhama.

Wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu unatokea palepale unapotazama. Ukitumia kingamwili iliyotengenezwa kwa panya mdogo juu ya tishu ya panya mdogo, kingamwili ya pili (ile yenye rangi inayoshika ya kwanza) haiwezi kutofautisha kati ya ile uliyoweka wewe na zile za mnyama mwenyewe. Na katika magonjwa mengi ya glomeruli, kingamwili za mnyama hurundikana wapi? Kwenye glomeruli! Mnyama mgonjwa anang'aa, mzima hang'ai, na mtafiti anaandika kwamba protini imeongezeka kwa ugonjwa. Kipande kimoja kilichopakwa kingamwili ya pili peke yake, kutoka kwa mnyama mgonjwa, kinamaliza ubishi. Kiwe cha mnyama mgonjwa hasa. Wengi hukiweka cha mzima, na hicho hakisaidii.

Formalini nayo hufunga protini na kuficha epitopu, yaani sehemu ambayo kingamwili hushika. Kingamwili iliyofanya vizuri kwenye kipande kilichogandishwa inaweza isione kitu kwenye parafini. Jaribu kuchemsha kwa bafa ya sitreti ya pH 6 na pia Tris-EDTA ya pH 9, zote mbili, kwenye tishu ileile, kabla hujasema haifanyi kazi.

---

Bint Maabara

Daktari nimekuelewa kabisa, hasa hilo la mnyama mgonjwa. Msimamizi nimemwonyesha majibu ya Chujio, tumekubaliana kupima RNA wiki hii.

---

Mkaguzi Huru

Wakuu, naheshimu mnachosema, lakini naona kama mnawaongezea watu mzigo. Kwenye karatasi ya kingamwili imeandikwa imethibitishwa kwa bloti na kwa tishu. Imetajwa kwenye machapisho mengi. Kwa nini nirudie kazi ambayo imeshafanywa? Kwa mtindo huu hakuna atakayemaliza shahada.

---

Chujio

Ndugu Mkaguzi, swali lako ni la haki na wengi wanalo moyoni. Nakujibu kwa mifano ya figo na mishipa yake.

Kipokezi cha angiotensini cha AT1 ni kati ya protini zilizotafitiwa sana kwenye shinikizo la damu. Mwaka 2012 watafiti walichukua kingamwili sita za kununuliwa za kipokezi hicho, wakazijaribu kwenye tishu za panya wa kawaida na za panya waliofutiwa jeni yake. Mistari ilikuwa ileile kwa panya wote. Sita kati ya sita. Na kingamwili hizo zilikuwa zikitajwa kwenye machapisho mengi, kama hiyo ya kwako.

Mwaka 2023 mradi wa YCharOS ulitoa tathmini ya kingamwili 614 za protini 65, kila moja ikipimwa bega kwa bega kwenye seli zenye jeni na zilizofutiwa jeni. Kwa wastani kila protini ilikuwa na machapisho kama 12 yenye data ya kingamwili ambayo haikuitambua kabisa protini iliyolengwa. Kutajwa mara nyingi kunaonyesha imenunuliwa sana, basi.

Mfano wa tatu ndio unaoniumiza. Mwaka 2013 iliripotiwa kwamba protini ya B7-1 huonekana kwenye podositi za baadhi ya wagonjwa wanaopoteza protini kwenye mkojo, na wagonjwa watano wenye ugonjwa wa FSGS (makovu kwenye baadhi ya glomeruli) walipewa dawa ya abatacept inayoifunga B7-1. Matumaini yalikuwa makubwa, kwa sababu FSGS hurudi hata kwenye figo ya kupandikizwa. Vikundi vingine viliporudia upakaji kwa kingamwili mbalimbali, havikuiona B7-1 kwenye podositi za wagonjwa kama ilivyoelezwa, na suala la kingamwili iliyotumika likawa kiini cha mjadala. Wagonjwa wengine waliopewa dawa hiyo baadaye hawakupata nafuu iliyotarajiwa. Fikiria uamuzi wa tiba umeegemea rangi kwenye kipande cha tishu. Mzigo wa kuthibitisha kingamwili ni mdogo sana ukiuweka karibu na huo.

Na neno "imethibitishwa" kwenye karatasi angalia limethibitishwa kwa sampuli gani. Mara nyingi ni seli zilizoingiziwa jeni, na hilo nimeshalieleza hapo juu.

---

Mkaguzi Huru

Hilo la AT1 sikulijua. Nimekuelewa mkuu. Lakini sisi hatuna panya waliofutiwa nefrini, na nimesoma kwamba hawaishi.

---

Chujio

Ni kweli, panya wasio na nefrini kabisa hufa ndani ya siku moja hivi baada ya kuzaliwa. Ila figo ya huyo mchanga bado ni sampuli nzuri mno ya kimya kwa anayeweza kuipata, na maabara zinazofuga aina hiyo huwa na vipande vya akiba. Omba. Watu wa figo ni wepesi kugawana kuliko unavyodhani.

Usipopata, kuna njia nyingine zinazokubalika. Mwaka 2016 kikundi cha kimataifa cha kuthibitisha kingamwili kilipendekeza nguzo tano: kufuta au kupunguza jeni, kulinganisha na kipimo kisichotumia kingamwili, kutumia kingamwili mbili zinazoshika sehemu tofauti, kuipa protini alama, na kuivuta kwa kingamwili kisha kuitambua kwa spektrometa ya masi. Si lazima zote. Kwa nefrini, mimi ningechukua glomeruli dhidi ya mirija, nikaongeza kingamwili nyingine ya nefrini inayoshika upande mwingine wa protini. Zikikubaliana kwenye bloti na kwenye tishu, umesimama pazuri.

Usitegemee ile ya kuizima kingamwili kwa peptidi yake. Watu wanaipenda kwa sababu mstari unapotea mbele ya macho. Lakini kingamwili inayoshika protini isiyo yake kwa mdomo uleule nayo itazimwa na peptidi hiyohiyo. Mstari wa kweli na wa uongo vyote vinapotea pamoja.

---

Mtafuta Mkojo

Habari wakuu. Mimi napima nefrini kwenye mkojo wa wagonjwa wa kisukari kwa ELISA (kipimo cha kingamwili kwenye sahani ya vishimo). Kingamwili niliyopewa inashika mkia wa ndani ya seli. Napata majibu kidogo sana hata kwa wagonjwa wenye albumini nyingi. Je, ni sampuli au ni kingamwili?

---

Chujio

Ndugu, anza na mahali inaposhika. Nefrini ina sehemu ndefu ya nje yenye vikunjo nane vya aina ya imunoglobulini na kimoja cha fibronektini, kisha inapita utando, kisha mkia mfupi ndani. Kinachokatika na kuingia kwenye mkojo kinaweza kuwa kipande cha nje peke yake, na hicho kingamwili yako ya mkia haitakiona kamwe. Itaona tu nefrini iliyotoka na podositi nzima au na vifuko vyake. Tafuta inayoshika upande wa nje. Hivyohivyo kwa anayepima seli hai kwa saitometa, mkia haufikiki bila kutoboa seli.

Mkia una kazi yake. Tirosini za mkia, kama ile ya nafasi ya 1217, hupata fosfeti na kuita protini ya Nck, na huko ndiko mifupa ya seli inakopangwa. Ukitumia kingamwili ya nefrini yenye fosfeti, sampuli ya kimya ni ileile ya kwako iliyotiwa kimeng'enya cha kuondoa fosfeti. Na kando yake pima nefrini jumla, la sivyo hujui kama fosfeti ndiyo imepungua au nefrini yenyewe.

---

Mwanapatholojia

Nikazie hapo kwenye mahali pa kushika, kwa mfano wa PLA2R, kipokezi kilichoko kwenye podositi. Mwaka 2009 kikundi cha Laurence Beck na David Salant huko Boston kilionyesha kwamba wagonjwa 26 kati ya 37 wa nefropathi ya utando wana kingamwili dhidi ya kipokezi hicho cha podositi. Seramu za wagonjwa hushika umbo la protini lililoshikiliwa na vifungo vya salfa. Ukitia DTT, inayovunja vifungo hivyo, kwenye bafa ya sampuli kama kawaida yako, umbo linafunguka na mstari wa kilodaltoni 185 unapotea. Waliuona kwa sababu waliendesha jeli bila kuvunja vifungo hivyo.

Na nefrini yenyewe imerudi kwa mlango huo. Utafiti wa 2024 ulizikuta kingamwili dhidi ya nefrini kwa asilimia 44 ya watu wazima wenye ugonjwa wa figo wa mabadiliko madogo. Yaani 5-1-6 ilichofanya kwa panya 1988, mwili wa mgonjwa unajifanyia. Kwa hiyo anayepaka nefrini kwenye biopsi za wagonjwa hawa akumbuke kuna IgG (kingamwili) ya binadamu imeshakaa juu ya nefrini ileile. Epitopu inaweza kuwa imezibwa.

---

Bint Maabara

La mwisho kutoka kwangu. Podosini, protini nyingine ya podositi, nayo nimeivuta kwa kingamwili ya panya, nikaangalia kwa kingamwili ya panya, nikapata mstari mnene karibu na 50. Niamini?

---

Chujio

Bado dada. Podosini ina kilodaltoni 42 hivi kwa hesabu, na mnyororo mzito wa kingamwili uliyotumia kuvutia uko 50. Kwenye jeli vinakaribiana kiasi cha kufunikana. Angalia kwa kingamwili ya sungura badala ya panya, au tumia ya pili inayotambua IgG isiyofunguka tu. Na weka njia yenye IgG ya kawaida ya panya iliyopitia kila hatua bila kingamwili ya podosini. Mstari ukibaki, ni mnyororo.

Kwenye ripoti yako andika namba ya katalogi na namba ya loti. Ya poliklonali kila mnyama hutoa mchanganyiko wake, akifa umeisha. Ndiyo maana mimi nikiweza kuchagua nachukua rikombinanti, mfuatano wake unajulikana na hutengenezwa uleule kila mara. Gawa kichupa kwenye vichupa vidogo siku kinapofika ili usikigandishe na kukiyeyusha kila mara. Na kama kingamwili ya pili ina peroksidasi (kimeng'enya kinachoonyesha mstari), usiiweke kwenye bafa yenye sodiamu azidi. Azidi inaizima peroksidasi, na utapata bloti nyeupe ukidhani ndiyo ile sampuli ya kimya tuliyoizungumzia.